Kichwa Chenye Askari

Mei 12

Nimeanza kuandika kwa sababu Vero amechoka kunisikiliza. Leo tulipokuwa tunafagia saluni amesema, "Adelgunda, maneno ni hayo hayo kila siku. Mwambie mwenyewe, au yaandike mahali, mimi masikio yamejaa." Hakusema kwa ubaya. Saluni hii ya hapa Isingiro tuliifungua pamoja, na nje ya nyumbani kwetu ni yeye peke yake anayejua kichwa changu kilivyo.

Basi naandika. Cassian anataka kuja Kamuli, kijijini kwetu, na wazee wake, kujitambulisha kwa mama, kahawa ikishauzwa. Alilisema akiwa juu ya pikipiki, injini inanguruma, kama mtu anayeaga kwenda kununua chumvi. "Mwezi wa nane, watu wakiwa na nafasi." Nikasema sawa. Akaondoka. Nikaingia ndani nikakaa kwenye kiti cha wateja, nikajitazama kwenye kioo mpaka Vero akaniuliza kama naumwa.

Mei 13

Niandike na hili, maana bila hili hakuna kitakachoeleweka.

Kuanzia kwenye paji la uso hadi utosini sina nywele. Juu ya masikio sina. Zimebaki chache nyuma, karibu na shingo. Nilipomaliza kidato cha nne nilianza kuweka dawa na kusuka zile za kuvuta, ambazo usiku wa kwanza unalala umekaa kwa maumivu. Kila zilipokatika nilisuka ndogo zaidi ili kufunika. Daktari wa ngozi kule Bukoba aliniambia mizizi imekufa na ngozi imeweka kovu. Alisema kwa upole, huku anaandika.

Na mimi ndiye niliye kwenye bango la saluni. Picha zangu ndizo tunazoweka kwenye mtandao, leo nywele ndefu, kesho fupi, keshokutwa za kusuka. Cassian alinianza kwa picha hizo. Alituma salamu, kisha akaja mwenyewe eti kunyolewa, na sisi hatunyoi wanaume.

Anajua navaa wigi. Nani havai? Anachodhani ni kwamba chini yake kuna nywele zangu zimesukwa mistari, zinasubiri siku yake.

Mei 20

Mvua. Wateja wawili tu, na mmoja aliingia kujikinga.

Mei 25

Ng'ombe wa mama alishindwa kuzaa tangu alfajiri. Mama akanipigia, nami nikampigia Cassian, maana yeye ndiye afisa mifugo wa kata. Tulikwenda Kamuli pamoja, mimi nyuma ya pikipiki, nimefunga mtandio juu ya wigi ili upepo usinifanyie dharau.

"Shikamoo mama."

"Marahaba baba. Mtazame, atanifia huyu."

Akavua shati, akajipaka sabuni hadi begani, akaingiza mkono. Alifumba macho. Alikuwa anasema na ng'ombe kwa Kihaya, polepole, kama anayembembeleza mtoto. "Amekaa matako mbele," akatuambia. Akageuza huko ndani, akavuta, akapumzika, akavuta tena. Ndama alipotoka hakuwa anapumua. Cassian alimfuta pua kwa majani makavu ya mgomba, akaweka mdomo wake pale pale puani akapuliza. Damu na ute vilimfika shingoni na alikuwa anacheka.

Alipokwenda kunawa, mama aliniletea kikapu cha kamwani, kahawa yetu ya kutafuna, nimpelekee mgeni. Akanishika mkono kwanza.

"Huyu hana kinyaa," akasema.

"Ndiyo mama."

"Mume asiye na kinyaa ni bahati, Gunda."

Nimerudi Isingiro na neno hilo. Labda ni kweli. Labda mtu anayeweza kuweka mdomo pale anaweza kuona chochote.

Juni 3

Siku nzima kibanjani, shambani kwa mama, tunachuma kahawa. Mibuni ya mama imezaa mwaka huu, matawi yameinama. Yananasa wigi, na gundi ikipata jasho inawasha kama upupu. Mama anachuma mistari miwili nikichuma mmoja. Hajaniambia nilivue, ingawa tulikuwa sisi wawili tu. Mama hasemi mambo. Hata nilipokuwa mdogo hakuwa anasema, na kuna jambo moja sijawahi kumsamehe, lakini leo sitaki kuliandika.

Juni 9

Kuchuma. Mgongo.

Juni 14

Padri asisome hapa. Nilikuwa kwa Cassian.

Mkono wake ukipanda shingoni, naushika naushusha. Naufanyia mapenzi, nabusu vidole, ili asijue kwamba namfukuza. Usiku huu amecheka.

"Mbona kichwa chako kina askari?"

Nami nikacheka.

"Askari hawalali?"

"Hawalali."

"Siku moja nitawahonga," akasema, akasinzia.

Mimi sikusinzia. Sijawahi kulala usingizi wa kweli kwake. Nalala ubavu, shingo imekakamaa, na kabla hakujapambazuka naondoka, kwa sababu asubuhi gundi ya pembeni huwa imeachia. Anadhani naona aibu ya majirani.

Juni 22

Kuna video imesambaa kwenye magrupu yote. Mwanaume anammwagia bibi harusi maji usoni, rangi zinashuka, kope zinaning'inia, halafu anamvuta wigi. Watu nyuma ya simu wanacheka mpaka picha inatikisika.

Cassian alinionesha tukiwa tunakula ndizi pale kwa mama ntilie karibu na stendi. Alicheka hadi akakohoa. "Si wizi huu? Mtu unauziwa mbuzi kwenye gunia."

Nikacheka. Nilicheka kumzidi, mtu wa meza ya pili akageuka.

Halafu akanitazama, akaacha kucheka, akasema kwa upole, "Wewe hapana. Wewe hata nikikumwagia ndoo nzima ni wewe tu."

Nikasogeza sahani pembeni.

Juni 30

Nilitaka kumwambia leo. Nilipanga maneno njiani. Nilipofika alikuwa na malaria.

Julai 5

Vumbi. Migomba ya barabarani imekuwa myekundu. Cassian amepona.

Julai 12

Nimemwambia. Niandike yote kabla sijasahau yalivyokwenda.

Alinipigia nije kwake mchana, na sauti haikuwa yake. Nilimkuta amekaa ukingoni mwa kitanda, amevaa viatu.

"Kaa," akasema. "Nikuulize kitu, usinidanganye. Una mtu?"

"Mtu gani?"

"Ndiyo nakuuliza. Kila mara unaondoka alfajiri. Nikikugusa unashtuka kama mwizi. Ukienda kuoga unafunga mlango kwa komeo, humu ndani tuko wawili. Mwezi ujao naleta wazee, Ade. Baba yangu mdogo anatoka Muleba. Kama kuna mwanaume niambie leo, nisiwaaibishe."

Alikuwa amekonda kwa ile malaria, na macho yalikuwa mekundu. Nikaona kwamba kwa muda mrefu alikuwa anaumia na mimi nilidhani najificha mwenyewe tu.

Ningeweza kusema maneno mengi. Badala yake nilikwenda dirishani nikafungua pazia lote, jua likaingia. Nilitaka aone mara moja, yaishe. Kisha nikaanza kuvua wigi. Si kama kwenye video. Gundi haitoki haraka, inabidi uibandue kidogo kidogo kuanzia sikioni, na inauma. Alikuwa anasubiri bila kujua anasubiri nini. Kulikuwa na muda wa kutosha wa kubadili mawazo na sikubadili.

Nikaliweka juu ya meza. Nikageuka.

Alinitazama kichwani. Halafu akauliza, "Nani amekufanya hivi?"

"Mimi mwenyewe. Dawa, na kusuka."

"Inauma?"

"Hapana."

"Zitarudi?"

"Hapana. Daktari amesema hapana."

Akasimama akanijia. Mkono wake ukapanda, ule ule ambao nimekuwa nikiushusha mwaka mzima, na safari hii nilitulia nikausubiri. Ulifika karibu na sikio. Nikahisi joto lake. Kisha ukashuka ukatua begani.

"Sawa," akasema. "Ni sawa, Ade. Nilidhani ni mwanaume. Ni nywele tu! Sawa kabisa." Akaanza kucheka, nami nikalia, akanichemshia chai, akaweka sukari nyingi kama ya mgonjwa.

Julai 13

Dominika. Nimelala kwake mpaka jua likawa kali. Sikumbuki nililala hivi lini. Kanisani nimeimba hadi waliokaa mbele wakageuka. Nimemwambia Vero, akacheza na fagio saluni nzima. "Si nilikuambia? Mwaka mzima umejitesa bure!"

Mwaka mzima bure. Naliandika tena kwa raha: bure!

Julai 21

Sasa nikifika kwake mlango ukifungwa tu, nalivua wigi, naliweka mezani, nasikia hewa kichwani. Leo alikuwa anapika maharage. Tulikuwa tunazungumza juu ya chanjo za ng'ombe za kule kijiji cha Ndama, alikotumwa wiki iliyopita, na nikaona kwamba anazungumza na sufuria. Nikisogea upande huu anageukia jiko. Nikasogea upande ule.

"Vaa tu," akasema. "Utapata baridi."

Huku kwetu mwezi wa saba kuna baridi kweli. Nikavaa.

Baada ya kuvaa alinitazama, akatabasamu, akanionjesha maharage kwa mwiko.

Julai 27

Mvua isiyo na adabu, katikati ya kiangazi. Kahawa yote ya mama ilikuwa imeanikwa uwanjani. Tulikimbia sote, mama, mimi na baba yangu mdogo Rwegoshora, tukakunja maturubai, tukasomba kwa beseni, na bado nyingine ililowa. Cassian alikuwa ameahidi kuja kutusaidia. Jioni akapiga: kulikuwa na ng'ombe mgonjwa Kaisho.

"Pole sana, Ade."

"Pole na wewe."

Zamani simu ilikuwa haikatiki mpaka salio liishe. Leo tulisema pole, tukabaki tunasikilizana kupumua, akasema basi lala salama. Ilikuwa bado saa kumi na mbili, kuku hawajaingia.

Agosti 4

Amechoka. Wiki yote amechoka.

Agosti 9

Ni mimi ninayezima taa siku hizi? Au ni yeye? Nimejaribu kukumbuka. Ni yeye. Zamani alikuwa anasema taa iachwe, mimi ndiye nazima. Sasa anazima kabla sijafika kitandani, na akinigusa ananigusa kuanzia mabegani kushuka, kama vile kuna mpaka umewekwa hapo. Na ni mimi niliyeuweka. Mwaka mzima nilikuwa naufundisha mkono wake usipande.

Vero anasema wanaume huchoka kabla ya harusi, ni mawazo ya gharama. Labda.

Agosti 16

Wamekuja. Wazee watatu na shangazi yake, Jovitha, mwanamke mnene mcheshi wa Muleba. Mama alipika ndizi na nyama, pombe ya rubisi ilikuwapo, kamwani ilipitishwa kwenye vikapu vipya. Baba mdogo Rwegoshora alizungumza kwa niaba yetu akaringa sana, akasema binti yetu ni ng'ombe wa maziwa, wageni wakapiga makofi. Wamekubaliana harusi iwe Novemba.

Nilitoka ndani kuwasalimu nimepiga magoti. Nilivaa wigi lile refu. Shangazi Jovitha akaniinua kwa kidevu.

"Bojo! Mtazameni! Na nywele hizi, Cassian, ulizipata wapi?" Akaninyooshea kwa mkono, kutoka utosini hadi mabegani, akarudia. Nilisikia vidole vyake kwa mbali, kama mtu anayebisha hodi nyumba ya jirani.

Watu wote walicheka kwa furaha. Nikamtafuta Cassian kwa macho. Alikuwa anatazama sahani yake. Nyama ilikuwa nzima, hajaigusa.

Agosti 19

Wateja wengi. Maharusi wa msimu wameanza, pesa za kahawa zimetoka. Nimewapamba watatu. Mmoja aliniuliza, "Dada, kwa nini unanisuka taratibu hivyo, hazitakaza." Nikakaza kidogo, maana ni kazi.

Agosti 24

Niandike polepole.

Jioni nilikwenda kwake bila kuitwa. Nilikuta yuko uani, amesimama karibu na tangi la maji, amenipa mgongo, anatazama simu. Hakunisikia. Niliona kwenye kioo cha simu uso wangu. Ni picha ya Krismasi, nimevaa lile refu, nimegeuka kidogo, Vero aliipitisha kwenye programu ikaondoa vipele na kunilainisha. Nilifurahi. Nilidhani ananikumbuka. Nikamshika kiuno kwa nyuma, akaruka kama aliyefumaniwa.

"Mbona unashtuka? Si ni mimi?"

Hakucheka. Akakaa juu ya ndoo iliyopinduliwa, akafunika uso kwa viganja, na nikaona mabega yanatikisika. Sijawahi kumwona akilia.

"Sema, Cassian."

"Nimejaribu."

"Umejaribu nini?"

"Nakupenda mchana kutwa. Nikiwa kwenye majosho nakuwaza, nikipata kitu kizuri nataka nikuambie wewe kwanza. Usidhani ni uongo. Lakini nikikufikia..." Akatafuta neno. "Mwili wangu unaondoka. Naurudisha, unaondoka. Najiambia ni nywele tu, wewe mjinga, ni nywele tu. Mwili hausikii."

Nikamwuliza, basi mara zile alipokuwa anakuja kwangu kitandani, tangu mwezi wa saba, alikuwa anafanyaje.

Aliizima simu. Mbuzi wa jirani alikuwa analia.

"Huwa nakuja huku uani kwanza," akasema. "Naangalia picha yako. Hii. Halafu narudi ndani haraka."

Nimeandika sentensi hiyo na nimeikodolea macho. Kama angesema kuna msichana wa Kayanga, au wa Bukoba, ningejua la kufanya. Ningemtukana, ningevunja sahani. Lakini msichana mwenyewe ni mimi. Nilimtengeneza mimi na Vero, kwa gundi na taa ya duara, nikamtuma kwake, akampenda. Na mimi nilipofika kwa miguu yangu nikakuta nafasi imeshachukuliwa.

"Mimi siyo mtu mbaya," akasema.

"Najua."

"Nimeweka mkono kwenye vitu vya kutisha maisha yangu yote. Sijui kwa nini hapa nashindwa."

"Mama alisema huna kinyaa."

Akalia tena aliposikia hivyo. Nikajuta kusema.

Halafu akanishika mikono yote miwili, akaniambia mpango wake. Tuoane hivyo hivyo. Nivae, hata ndani, hata usiku, tutanunua zile nzuri zaidi, za kutoka Kampala. "Watoto watakuja, tutazeeka, mambo haya hayana maana uzeeni. Itazoeleka, Ade." Alikuwa anasema kwa moyo wake wote.

Nilisema nitafikiri.

Agosti 27

Nafikiri. Wanawake wangapi wanaishi hivyo? Vero anasema wengi sana, tena wengine wanalala na rangi ya mdomo. Vero anataka nikubali. "Ana kazi, hanywi, hapigi, anakupenda. Usingizi utaupata mchana." Ananitakia mema, najua. Na mimi nampenda, hilo halijabadilika hata kidogo, ndilo linaloniudhi.

Nilikaribia kumpigia simu leo kusema ndiyo.

Agosti 31

Nimekuja Kamuli kumalizia kuchuma zile za mwisho. Jioni tulikuwa tumekaa na mama tunachambua kahawa uwanjani, jua linazama, nikamwambia yote. Hata la uani. Nilidhani ataziba masikio.

Alichambua mpaka ungo ukaisha. Kisha akasema, "Unamkumbuka baba yako alivyougua?"

Ndilo lile jambo ambalo sikutaka kuliandika mwezi wa sita. Baba aliugua kansa ya taya, uso ukaoza upande mmoja. Nilikuwa darasa la tatu. Walifunga pazia chumbani, na ninachokumbuka ni mama amekaa nje ya pazia, kwenye kigoda, siku baada ya siku, na shangazi ndiye anayeingia na uji. Niliamini mama alishindwa kumtazama. Nimeliamini hilo miaka yote. Nilikuwa nikimtazama akicheka na watu kanisani, nasema moyoni, huyu alimwonea baba kinyaa.

"Namkumbuka," nikasema. "Nilidhani wewe ndiye uliyekataa kuingia."

"Najua ulidhani."

"Mbona hukuniambia?"

"Ningemsema vibaya marehemu." Akavuta kahawa nyingine kwenye ungo. "Yeye ndiye aliyenizuia. Alisema, 'Kantengwa, nikumbuke nilivyokuwa.' Nikamwambia mimi sihitaji kukumbuka, mtu mwenyewe yupo. Akalia, akamwita dada yake afunge pazia. Nikakaa nje. Nilikuwa nasikia akipumua. Asubuhi moja sikusikia. Sikuwahi kumuaga, Gunda. Mpaka leo sijui alinidhania nini. Alidhani ningemcheka?"

Hakuwa analia. Mama amelimaliza hilo zamani. Mimi ndiye niliyeweka uso kwenye magoti.

Baadaye akasema, "Kijana wako amekuambia kweli. Hilo mshukuru. Lakini pazia ni pazia."

Septemba 6

Nilikwenda kwake asubuhi, bila wigi, nimefunga kitenge tu kichwani. Alikuwa anaosha pikipiki. Nikamwambia hatutaoana.

Alibisha. Alisema wazee, alisema Novemba, alisema nimpe muda, hata mwaka. Aliyasema yote kwa dhati. Lakini kabla ya hayo, nilipotamka tu neno lenyewe, kabla hajapata la kujibu, niliona mabega yake yakishuka, kama ya mchukuzi aliyetuliwa gunia. Yalishuka yenyewe. Yeye hakujua. Kisha uso ukajua, ukaanza kuhuzunika, na huzuni ile ilikuwa ya kweli pia.

Tulikumbatiana pale penye povu la sabuni. Kidevu chake hakikugusa kitenge.

"Utamwambia nani sababu?" akauliza.

"Hakuna. Na wewe usimwambie mtu."

"Sitamwambia."

Ninaamini.

Septemba 14

Baba mdogo Rwegoshora amekasirika, anasema nimemvunjia heshima mbele ya watu wa Muleba baada ya hotuba yote ile. Mjini wanasema Cassian ana mtoto Biharamulo. Wengine wanasema mimi najiona. Vero anawajibu wote kwa ukali na hanisemi tena. Jana alinikuta nasuka mteja huku machozi yanashuka, akachukua kitana mkononi mwangu akamalizia.

Cassian ameomba uhamisho. Alinipigia kuniambia. Tukasema pole.

Septemba 17

Mvua ya kwanza ya kweli. Kahawa yote imeshauzwa.

Septemba 21

Nimekuja Kamuli kumsaidia mama kupanda maharage. Baada ya kutoka kanisani alitandika mkeka barazani, akaleta maji ya uvuguvugu na wembe mpya.

"Ninyoe," akasema. "Macho yangu hayaoni kioo tena, nimejikata mara mbili."

Akavua kitambaa. Sikumbuki mara ya mwisho nilipoona kichwa cha mama. Kina mvi fupi fupi, na kovu dogo nyuma. Nilimnyoa polepole. Kila nilipomgeuza alilegeza shingo akaniachia kichwa chote mkononi, kizito, kama mtoto aliyelala. Kwa kazi yangu nimeshika vichwa vingi sana, na hakuna aliyewahi kuniachia hivyo.

Nilipomaliza akapapasa, akaridhika. Kisha akasogea kwenye mkeka, akapiga mahali palipobaki.

"Kaa na wewe. Hivyo vinywele vilivyobaki nyuma vinakusumbua tu."

Nikalivua wigi. Nikakaa mbele yake. Akalowesha kiganja, akakiweka utosini kwangu, kikatulia hapo. Kilikuwa kigumu, kina nyufa za jembe, na kilikuwa cha moto. Sijaguswa hapo na mtu tangu nywele zilipokufa. Nilifumba macho. Nilimshukuru Mungu kwa mkono wa mama, na wakati huo huo nilitamani, kwa mwili wangu wote, uwe mkono mwingine.

Machozi yakanidondokea mapajani. Mama akasimamisha wembe.

"Nimekukata?"

"Hapana, mama," nikasema. "Endelea."